Kusitisha Mkataba wa Kazi kwa Njia Halali: Mwajiriwa, Mkandarasi na Yanayotangulia Barua

Barua nyingi za kuachishwa kazi hazizidi ukurasa mmoja. Hutaja kumbukumbu namba, tarehe ya mwisho ya kazi na sentensi moja ya shukrani kwa utumishi, kisha hutiwa saini na muhuri. Anayeipokea huiona kuwa ndiyo tukio lenyewe, na anayeiandika mara nyingi huamini vivyo hivyo, kwamba akishatia saini shughuli imekwisha. Mgogoro ukifika mbele ya mwamuzi, barua hiyo huwa miongoni mwa vitu vya mwisho kujadiliwa. Kinachotafutwa kwanza ni yaliyotangulia: nani alimweleza nani kosa gani, lini, kwa maandishi gani, na aliyeelezwa alipewa nafasi gani ya kujibu kabla uamuzi haujafikiwa. Na hata kabla ya maswali hayo kuna swali moja ambalo wengi hulisahau, nalo ni kama aliyeandikiwa alikuwa mwajiriwa au mkandarasi.

Sehemu ya utata huu inatokana na lugha yetu ya kila siku. Mtu ambaye mkataba wake wa mwaka mmoja umefika mwisho husema amefukuzwa, na aliyefukuzwa kwa wizi husema amepunguzwa. Sheria haichanganyi mambo hayo. Kufukuzwa ni adhabu ya kosa. Kupunguzwa ni kuondolewa kwa sababu nafasi yenyewe haihitajiki tena, na hakuna lawama ndani yake. Kujiuzulu ni uamuzi wa mfanyakazi. Mkataba wa muda maalumu kufika ukomo si uamuzi wa yeyote, kwa kuwa tarehe ilishakubaliwa tangu mwanzo. Kila njia ina taratibu zake na malipo yake, na anayetumia jina la njia moja huku akipita nyingine huanza kukosea hapo hapo.

Jina lililo juu ya mkataba

Tumchukue msanifu wa michoro ambaye kwa miaka mitatu amekuwa akisaini kila baada ya miezi sita karatasi yenye kichwa "Mkataba wa Ukandarasi". Kila mwisho wa mwezi hutoa ankara, lakini kiasi ni kilekile mwezi hadi mwezi. Anatumia kompyuta ya kampuni, anaingia saa mbili asubuhi, anaomba ruhusa akitaka kusafiri, hana mteja mwingine, na hawezi kumtuma mtu mwingine afanye kazi kwa niaba yake. Siku moja anapata ujumbe kwamba, kwa mujibu wa kifungu cha kumi na moja, mkataba utakoma baada ya siku kumi na nne. Kifungu hicho kipo kweli, na saini yake ipo chini yake. Je, kinatosha?

Katika nchi nyingi jibu ni kwamba huenda kisitoshe, kwa sababu kinachotazamwa ni uhusiano jinsi ulivyoishi, si jinsi ulivyoandikwa. Shirika la Kazi Duniani lililiweka jambo hili wazi katika Pendekezo Na. 198 la mwaka 2006: kuwepo kwa uhusiano wa ajira kuamuliwe kwanza kwa mambo halisi ya utendaji wa kazi na malipo, hata kama pande zote mbili ziliuita vingine. Pendekezo hilo linataja dalili za kuangaliwa, zikiwemo nani anaelekeza na kusimamia kazi, kama mtu ameingizwa katika mfumo wa taasisi, kama ni lazima aifanye mwenyewe, kama ana saa na mahali maalumu pa kazi, nani anatoa vifaa, kama malipo huja kwa vipindi na ndiyo pato lake kuu, na kama yeye mwenyewe anabeba hatari ya hasara. Ukimpima msanifu wetu kwa dalili hizo, karibu zote zinamwelekeza upande wa ajira.

Vipimo hutofautiana kati ya nchi na nchi. Mahakama ya Juu ya California mwaka 2018 iliweka kipimo kinachoanza na dhana kwamba mtu ni mwajiriwa, hadi anayempa kazi athibitishe mambo matatu kwa pamoja: kwamba hamwongozi katika utendaji, kwamba kazi hiyo iko nje ya shughuli za kawaida za biashara yake, na kwamba mtu huyo ana biashara yake ya kujitegemea ya aina hiyo. Nchini Uingereza, Mahakama ya Juu iliamua mwezi Februari 2021 kwamba madereva wa Uber hawakuwa wakandarasi wa kujitegemea kama maandishi ya kampuni yalivyodai, bali wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo. Uamuzi huo wa Uingereza usomwe kwa makini, kwa sababu nchi hiyo ina daraja la kati, lililo baina ya mwajiriwa kamili na mkandarasi, na aliye katika daraja hilo hapati kinga yote dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali.

Kwa hiyo anayekusudia kusitisha mkataba wa "mkandarasi" aanze kwa kujiuliza kwa unyofu kama huyo ni mkandarasi kweli. Akikosea hapa, kila hatua atakayofuata baadaye, hata ikifuatwa kwa uangalifu mkubwa, itakuwa ni hatua sahihi katika njia isiyo yake.

Sababu, na nani anaithibitisha

Kwa mwajiriwa, msingi unaofahamika zaidi kimataifa ni Mkataba Na. 158 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 1982. Nchi nyingi hazijauridhia, lakini mpangilio wake umeingia katika sheria za nchi kadhaa, zikiwemo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007. Unasema kwamba ajira isikatishwe pasipo sababu halali, na sababu hiyo itokane na uwezo wa mfanyakazi, mwenendo wake, au mahitaji ya uendeshaji wa taasisi. Marekani ndiyo mfano mkubwa wa msimamo tofauti: katika majimbo yake karibu yote mwajiri anaweza kumwachisha mtu bila kutoa sababu, isipokuwa pale sababu yenyewe inapokatazwa na sheria au mkataba unaposema vingine, Montana pekee ndiyo iliyopitisha, mwaka 1987, sheria ya jumla inayodai sababu nzuri.

Mkataba Na. 158 unataja pia sababu ambazo kamwe haziwi halali. Uanachama katika chama cha wafanyakazi ni mojawapo. Kupeleka malalamiko dhidi ya mwajiri ni nyingine, na hii ndiyo ninayoiona ikifichwa zaidi, kwa sababu anayelalamika leo hupewa kosa jingine kesho. Rangi, jinsia, hali ya ndoa, majukumu ya kifamilia, ujauzito, dini, maoni ya kisiasa na asili ya mtu vimo pia, pamoja na kutokuwepo kazini kwa likizo ya uzazi. Kuugua kwa muda nako si sababu.

Jambo la uzito ni mzigo wa ushahidi. Mkataba huo unazitaka nchi zisimwachie mfanyakazi peke yake kazi ya kuthibitisha kwamba ameonewa, na katika sheria za Tanzania na Kenya ni mwajiri anayepaswa kuonyesha kuwa sababu ilikuwepo na ilikuwa halali. Ndiyo maana kauli kama "utendaji wake haukuturidhisha" haina uzito bila karatasi nyuma yake. Utendaji ulipimwa kwa kiwango gani? Alikijua kiwango hicho? Alipewa muda gani wa kujirekebisha, na msaada gani? Ikiwa jalada lina tathmini tatu za kila mwaka zinazomsifu, zilizosainiwa na msimamizi yuleyule anayemlaumu sasa, tathmini hizo zitasomwa kwa sauti mbele ya mwamuzi.

Njia ya kufika kwenye uamuzi

Hapa ndipo waajiri wengi hushindwa kesi ambazo wangeweza kushinda. Mtunza ghala amekutwa na upungufu wa bidhaa. Meneja ana hasira, na hasira yake inaeleweka. Asubuhi ya Jumatatu anamwita ofisini, anamwuliza maswali mawili, na saa nne mtunza ghala anakabidhiwa barua ya kufukuzwa. Baadaye wakili wa kampuni anagundua kwamba hapakuwa na kikao cha nidhamu, basi kikao kinaitishwa Jumatano "kukamilisha utaratibu". Muhtasari wa kikao unaandikwa vizuri, wajumbe wanasaini. Lakini barua ina tarehe ya Jumatatu na muhtasari una tarehe ya Jumatano, na tofauti hiyo ya siku mbili inatosha kumwambia mwamuzi kwamba uamuzi ulitangulia na usikilizwaji ukafuata. Upungufu wa ghala unaweza kuwa wa kweli kabisa, na bado mwajiri akaamriwa kulipa fidia.

Njia iliyonyooka si ndefu. Uchunguzi hufanywa kwanza, kwa ukimya na bila kumhukumu mtu. Tuhuma zikionekana zina msingi, huandikwa kwa lugha anayoielewa, zikitaja kitendo, tarehe na kanuni iliyovunjwa. "Utovu wa nidhamu" peke yake si tuhuma, kwa sababu hakuna awezaye kuijibu. Hupewa muda wa kutosha kujiandaa, huelezwa kwamba anaweza kuja na mwenzake au mwakilishi wa chama, na husikilizwa na mtu ambaye si shahidi wala mlalamikaji katika jambo hilohilo. Sheria ya Kenya, kwa mfano, inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi sababu kwa lugha anayoifahamu, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe. Baada ya hapo ndipo uamuzi hufikiwa, ukizingatia miaka ya utumishi, rekodi yake na adhabu waliyopewa wengine kwa kosa kama hilo. Anaelezwa haki ya kukata rufaa. Barua inakuja mwisho.

Wapo wanaodhani kwamba kosa kubwa, kama wizi au kupigana kazini, linafuta haja ya kumsikiliza mtu. Kosa kubwa hufuta notisi, na kwa kawaida halifuti haki ya kujieleza. Mkataba Na. 158 unaruhusu usikilizwaji uachwe pale tu ambapo haiwezekani kumtarajia mwajiri kuutoa, nako ni kwa nadra. Kama kuwepo kwake kazini kunahatarisha uchunguzi, anaweza kusimamishwa kwa muda, kwa kawaida akiendelea kulipwa. Pia mwajiri asikae na kosa mkononi akilisubiri limfae siku nyingine: nchini Ujerumani, kufukuza papo hapo kwa kosa kubwa lazima kufanyike ndani ya wiki mbili tangu mwajiri apate habari za kosa lenyewe.

Dai jingine linalosikika ni kwamba utaratibu usingebadilisha chochote, kwa hiyo kuuacha si tatizo. Dai hilo lilifika hadi Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza, mwaka 1987, katika kesi ya dereva wa gari la mizigo aliyeitwa ofisini bila onyo wala mashauriano, akaambiwa kwamba amepunguzwa, akakabidhiwa barua na kurudishwa nyumbani siku hiyohiyo. Mahakama ilikataa kwamba mwajiri anaweza kujitetea kwa kusema matokeo yangekuwa yaleyale. Uwezekano huo unaweza kupunguza kiasi cha fidia, lakini hauifanyi njia mbovu kuwa njema.

Kupunguza wafanyakazi

Katika kupunguza, kinachofutwa ni nafasi, na mtu huondoka kwa sababu nafasi imeondoka. Mwajiri anayempunguza mhasibu Machi na kutangaza nafasi ya "afisa wa fedha" Aprili, yenye majukumu yaleyale, amejiandikia ushahidi dhidi yake mwenyewe. Mashauriano hufanywa wakati mpango bado ni mpango, si baada ya orodha ya majina kuchapwa, na vigezo vya kuchagua anayebaki na anayeondoka vielezwe wazi na vitumike kwa wote. Kenya inataka notisi ya angalau mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi na afisa kazi, pamoja na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika wa utumishi. Hata Marekani, yenye uhuru mkubwa wa kuachisha, ina sheria ya mwaka 1988 inayowataka waajiri wenye wafanyakazi 100 au zaidi kutoa notisi ya siku 60 wanapofunga kituo cha kazi au kupunguza watu kwa wingi.

Notisi, malipo na mikataba yenye ukomo

Notisi hupimwa kwa sheria au mkataba, lolote lililo refu zaidi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, Tanzania na Kenya huweka kiwango cha chini cha siku 28. Uingereza huongeza wiki moja kwa kila mwaka wa utumishi hadi wiki 12. Mwajiri anaweza kulipa mshahara badala ya notisi, lakini malipo hayo hayanunui sababu wala utaratibu, na wanaoyafikiria kama tiketi ya kutokea hushangaa baadaye. Pamoja nayo hulipwa mshahara wa siku zilizofanyiwa kazi, likizo isiyochukuliwa, kiinua mgongo pale kinapostahili (Tanzania ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka 10), na hutolewa cheti cha utumishi. Kumnyima mtu cheti ili kumkomoa ni kosa jipya, na linamwumiza kila anapoomba kazi pengine.

Mkataba wa muda maalumu hukoma wenyewe tarehe yake ikifika. Kuukatisha katikati ni jambo jingine, kwani huhitaji sababu na utaratibu kama mkataba wowote, na fidia yake inaweza kufikia mshahara wa muda uliobaki. Tena, mkataba uliohuishwa mara tano mfululizo, huku mwajiri akimpangia mtu kazi za mwaka ujao, unaweza kumpa matarajio ya haki kwamba utahuishwa tena, na kuunyima uhai ghafla huhesabiwa katika sheria kadhaa kuwa ni kumwachisha kazi.

Kujiuzulu nako kunachunguzwa. Barua ya kujiuzulu iliyoandikwa chumbani mwa meneja, kwa maneno aliyoyasoma meneja, haina nguvu inayodhaniwa. Wala ya mtu aliyekatiwa mshahara, akapokonywa majukumu na kutengwa hadi akaondoka. Sheria nyingi huhesabu kwamba huyo ameachishwa na mwajiri. Makubaliano ya kuachana kwa hiari yanaruhusiwa na mara nyingi ndiyo njia yenye heshima zaidi, mradi mfanyakazi apewe muda wa kuyasoma nyumbani, ajue haki anazoziacha, na apate nafasi ya kuuliza mwanasheria kabla ya kusaini.

Mkandarasi wa kweli

Kwa mkandarasi wa kweli, sheria ya kazi hukaa pembeni na mkataba wenyewe ndio hutawala. Hakuna kikao cha nidhamu wala kiinua mgongo. Hilo halimaanishi kwamba ni rahisi. Mikataba mingi ina milango miwili ya kutokea, na kuichanganya ndiko kunakogharimu. Mlango wa kwanza ni kusitisha bila kosa: upande wowote unatoa notisi ya siku zilizokubaliwa, kazi iliyokwisha kufanyika inalipwa, na pande zinaachana. Mlango wa pili ni kusitisha kwa sababu ya uvunjaji wa mkataba, ambapo kwa kawaida mwenye kosa huandikiwa kwanza, akaelezwa alichovunja na kupewa siku kadhaa za kurekebisha.

Hatari iliyojificha katika mlango wa pili ni hii: anayetangaza kwamba mkataba umekufa kwa kosa la mwenzake, kumbe kosa halikuwa zito kiasi hicho au siku za kurekebisha hazikuisha, yeye mwenyewe ndiye anayekuwa amevunja mkataba. Mteja aliyekasirishwa na kuchelewa kwa wiki moja, akamfungia mkandarasi mlango siku ya tatu ilhali mkataba unampa siku kumi, anaweza kujikuta akidaiwa faida ambayo mkandarasi angeipata hadi mwisho wa kazi. Pale ambapo mlango wa kwanza uko wazi, mara nyingi ni busara kuutumia hata kama kosa lipo.

Kisha kuna mambo madogo ambayo si madogo. Kifungu cha notisi husema ipelekwe wapi na kwa njia gani. Ujumbe wa simu hauwi notisi ikiwa mkataba unataka barua ifikishwe kwenye anwani iliyotajwa. Kazi ambayo haijakamilika ni ya nani, na hakimiliki yake huhama lini, inapolipwa au inapokabidhiwa? Nywila, nyaraka na takwimu za wateja zirudishwe kwa orodha iliyosainiwa. Wajibu wa kutunza siri huendelea baada ya mkataba kwisha kama uliandikwa hivyo. Na kama mkataba hausemi lolote kuhusu kusitisha, mahakama za mfumo wa sheria za Kiingereza mara nyingi hudai notisi ya muda unaofaa kulingana na urefu na uzito wa uhusiano wenyewe.

Saa inayoanza kuhesabu

Siku ambayo barua inafika, muda wa kulalamika huanza kukimbia, nao hutofautiana sana kati ya nchi na nchi. Ujerumani hutoa wiki tatu tu za kufungua shauri la kupinga kuachishwa, tena haitambui barua ya kuachisha isiyokuwa kwenye karatasi yenye saini ya mkono, hivyo barua pepe haitoshi. Tanzania hutoa siku 30 kulifikisha shauri la kuachishwa kazi kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kenya hutoa miaka mitatu. Mfanyakazi anayesubiri kwa uvumilivu majibu ya barua zake za malalamiko kwa ofisi hiyohiyo iliyomwachisha anaweza kuamka na kukuta muda umekwisha, na kesi yake, hata iwe njema kiasi gani, ikiwa na kikwazo kipya cha kuomba kuongezewa muda. Kwa sababu hiyo barua hukabidhiwa nakala mbili, na kwenye ile inayobaki ofisini mpokeaji huandika kwa mkono wake tarehe aliyoipokea na kusaini, hata kama hakubaliani na neno lolote lililomo.